Kapo ya mashini ya mbao: kile unachoweza kutengeneza nyumbani na kile usichopaswa kugusa

Butembo – Mara nyingi mnaniuliza: mashini ya kupasua mbao, ile tunayoita tronsonezi, ikianguka na ganda lake likapasuka, je, mtu anaweza kuitengeneza nyumbani? Jibu langu ni ndiyo na hapana. Niliijifunza tofauti hiyo nyumbani kwangu, na karibu inikosanishe na shemeji yangu.

Katikati ya mwaka 2024, vita vilipofika Kanyabayonga, shemeji yangu, ndugu ya mke wangu, alikimbia pamoja na mke wake na watoto wanne. Nyumba, mbuzi na shamba la maharagwe alivikuta vimebaki nyuma. Kitu kimoja tu alikataa kukiacha: mashini yake. Aliifunga nyuma ya pikipiki na kamba, wakashika njia ya Kayna kuelekea Lubero. Mnaijua njia hiyo wakati wa mvua. Pikipiki iliteleza ndani ya matope, ikaangukia upande wa mashini.

Walipofika kwangu tukawa watu kumi na mmoja ndani ya vyumba viwili. Shemeji hakuomba chakula kwanza. Alifungua gunia, akaniambia, « Shemeji, angalia. Hii ndiyo sahani ya watoto wangu. » Kapo ya juu ilikuwa na ufa mrefu kama kidole. Kapo ya upande, pale kamba ya kuwashia inapokaa, ilikuwa imevunjika pembe nzima.

Mimi si fundi wa kazi. Nikiwa kijana nilimsaidia baba mdogo kutengeneza baiskeli, basi. Lakini niliona haya kumwambia mgeni wangu kwamba siwezi. Usiku ule nikakata kipande cha bidoni ya njano, nikakiyeyusha juu ya makala na kukimwaga ndani ya ufa. Asubuhi kilionekana kizuri. Shemeji akavuta kamba mara moja tu, kile kipande kikatoka kizima kama ganda la ndizi.

Nilikwenda kwa mzee mmoja anayetengeneza pikipiki karibu na soko. Alicheka, kisha akanieleza. Plastiki ya bidoni na plastiki ya mashini si ndugu. Hata uziyeyushe pamoja hazishikani. Na ile gundi ndogo inayokauka mara moja ni ngumu, lakini mashini inatetemeka sana, nayo inapasuka tena kwa siku moja. Haya ndiyo aliyonifundisha, nami nimeyafanya kwa mikono yangu.

Kwanza, mwaga esansi yote iliyo ndani na uondoe waya wa buji, mashini isiweze kuwaka. Kazi hiyo ifanyike nje, mbali na moto wa jikoni. Ondoa kapo, ioshe na sabuni na maji ya moto hata mara tatu, kwa sababu mafuta yakibaki, gundi haishiki. Iache ikauke kabisa.

Pili, tafuta mwisho wa ufa na utoboe hapo tundu dogo, la milimita mbili au tatu. Ufa ukifika kwenye tundu, unasimama. Usipotoboa, utafunika ufa, nao utaendelea kutembea chini ya gundi.

Tatu, chukua waya mwembamba, ukate vipande vifupi na uvikunje kama kikuku cha mlango. Ukiwa umeiweka kapo mbali na mashini na esansi, pasha kila kipande kwenye makala, ukishike kwa koleo na kukizamisha upande wa ndani, kivuke ufa. Usikizamishe hata kitokee upande wa pili. Ni kama kushona nguo iliyopasuka. Usivute moshi ule, ni mbaya kwa kifua.

Nne, kwaruza pande zote mbili za ufa kwa msasa, kisha paka gundi ya mirija miwili, ile unayochanganya sehemu sawa kwa sawa. Iache siku nzima, saa 24, hata kama mtu anakusukuma. Lakini karibu na bomba la moshi usitegemee gundi hiyo, joto linailainisha. Pale acha waya peke yake.

Kwa ile pembe iliyovunjika nilikata kipande cha aluminiamu kutoka kifuniko cha sufuria ya zamani, nikakifunga kwa bulo mbili ndogo. Hapo nilikosea tena. Ndani ya kapo ile kuna gurudumu lenye mapezi, linalopuliza upepo wa kupoza injini. Nilikuwa nimeacha miguu ya bulo ndani. Bahati yetu, yule mzee alikuwa ameniambia nivute kamba polepole kabla ya kurudisha waya wa buji. Nikasikia kra, kra. Kama tungeiwasha, yale mapezi yangevunjika na vipande vyake vingeturukia. Nikageuza bulo, vichwa ndani vikawa bapa, na miguu ikatokea nje.

Shemeji alifurahi sana. Mtu mmoja wa mtaa alikuwa na mikaratusi mitano ya kupasua na alimngoja. Tukaweka esansi iliyochanganywa na mafuta ya injini. Wakati naifuta mashini kwa kitambaa, nikaona kitambaa kimelowa pale chini ya mkono wa nyuma. Nikafuta tena, kukalowa tena.

Katika mashini nyingi, mkono wa nyuma na tanki ya esansi ni kipande kimoja. Ufa ulikuwa pale, mwembamba kama unywele, na matope yalikuwa yameuficha. Shemeji akasema, « Lete sabuni. » Wote tunajua dawa hiyo: tanki ya pikipiki ikivuja, unapaka sabuni ya kipande, unafika nyumbani. Nikamwambia hapana. Tanki ya pikipiki haiko mkononi mwako, karibu na bomba la moto, ikitetemeka mchana kutwa. Na mkono huo ukikatika wakati sheni inazunguka, mtu atashika nini?

Aliniangalia kwa muda mrefu. « Shemeji, watoto wangu watakula hapana yako? »

Sikuwa na jibu. Mke wangu aliingia ndani kimya. Kwa siku kumi na mbili shemeji alibeba mbao za watu begani katika depo, kwa franka chache, huku mashini yake imelala chini ya kitanda changu. Jioni alinisalimia kwa heshima, hakuongeza neno. Ninyi mliokaa katika nyumba za watu, na ninyi mliowapokea, mnajua ukimya wa namna hiyo.

Yule mzee ndiye aliyetutoa. Alijua fundi mwenye mashini iliyokufa ya aina ileile: injini yake ilikuwa imeungua, lakini mkono na tanki vilikuwa vizima. Aliomba dola 30. Tukampa 15, niliuza kuku wangu wawili na shemeji akaongeza aliyoyapata kwa kubeba mbao. Zilizobaki tulilipa baada ya kazi. Kubadilisha mkono ule kulituchukua mchana mmoja, kwa turnevisi na uvumilivu.

Tulipoondoa ule wa zamani, shemeji aliushika kwa mikono miwili na kuukunja kidogo. Ukakatika palepale kwenye ufa. Akaviweka vile vipande viwili chini, akasema tu, « Asante, shemeji. »

Basi, hii ndiyo sheria tuliyobaki nayo nyumbani. Kinachofunika tu, kitengeneze. Kinachoshika, kibadilishe. Kapo ya juu na kapo ya kamba zinafunika. Lakini mkono unashika mtu, tanki inashika esansi, na kapo ya pembeni ya sheni inashika ule upanga wa mashini. Kinga ya mbele ya mkono ndiyo inayovuta breki mashini ikirudi ghafla kuelekea uso. Usiifunge kwa mpira wala waya.

Tena, ganda la ndani linaloshika injini, katika mashini nyingi kubwa ni magnesiamu. Usilipeleke kwa msude wa madirisha. Unga wake unashika moto mkali, na ukimwaga maji unauzidisha. Mchanga mkavu ndio unaosaidia. Na ganda hilo likiwa na ufa, injini inavuta hewa mbaya na kuungua.

Mikaratusi mitano ilipasuliwa. Kwa mabanzi yaliyobaki shemeji alimjengea ukuta mama mmoja aliyekimbia pamoja naye, aliyekuwa akilala chini ya shiti. Leo jamaa yake inapanga chumba chao wenyewe, na kapo ile ingali na waya wangu, imeshika.

Kama mashini yako imeanguka njiani, usione haya kuifungua na kuifuta vizuri kabla ya kuiwasha. Ufa unaouona si lazima uwe ndio mbaya.