Mpunga Mfupi wa Baba

Utotoni kwetu, katika bonde la Kilombero, neno lililotutisha kuliko yote karibu na mavuno lilikuwa "umelala". Mpunga wa Supa ni mrefu. Upepo ukija pamoja na mvua huanguka na masuke yake, punje zikaozea matopeni. Baba alikuwa akisimama kando ya jaruba asiseme lolote.

Miaka mingi baadaye nilisoma sababu. Mpunga hurefuka kwa homoni iitwayo jiberelini. Mwaka 1926 Mjapani Eiichi Kurosawa alionyesha kuwa kuvu fulani hutoa kitu kinachorefusha miche kupita kiasi. Kitu hicho ndicho kilichokuja kupewa jina hilo. Mmea wenyewe nao huitengeneza, na jeni ya SD1 ina sehemu kubwa katika kazi hiyo. Katika Dee-geo-woo-gen, mbegu fupi ya Taiwan, kipande cha jeni hiyo kimepotea. Homoni hupungua shinani, mmea ukabaki mfupi na imara. Masuke hayadhuriki sana, kwani jeni nyingine ya ukoo huo huyahudumia. Mbegu hiyo ilipandishwa na Peta ya Indonesia katika taasisi ya IRRI, Ufilipino, ikapatikana IR8, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1966. Jeni yenyewe ilitambuliwa mwaka 2002, baada ya Asia kula wali wake kwa zaidi ya miaka thelathini!

Kwa kiburi cha usomi nikamshauri Baba aache Supa, apande mbegu fupi. Alikubali kwa kuwa mwanawe anafundisha chuo kikuu. Sikumweleza kwamba IR8 ilistawi palipokuwa na mifereji, mbolea na mikopo, na kwamba mkulima asiye na hivyo aliachwa nyuma hata huko Asia. Nilimpa jeni, sikumpa mfereji. Viongozi wetu wanaotangaza "mbegu bora" majukwaani hufanya vivyo hivyo, nami nimo katika kundi lao.

Mwaka ule mto ulifurika. Supa ya jirani ilitokeza masuke juu ya maji. Wetu ulizama, ukakaa chini siku nyingi.

"Ule wa zamani ulikuwa ukilala," Baba alisema. "Huu umekufa."

Msimu uliofuata alikwenda kwa jirani kuomba mbegu. Nilifuatana naye, nikabeba gunia.