Kamehameha ya mkono mmoja

Leo naomba mniruhusu niachane na siasa. Wiki nzima nimeandika habari za bajeti na vikao, ubongo umechoka. Nataka kuzungumzia gemu. Najua wengine mtacheka: dada mzima, kitambulisho cha uandishi wa habari shingoni, anajadili katuni za Kijapani. Chekeni tu, ila msiniache njiani.

Kilichonichokoza ni Dragon Ball: Sparking! Zero. Gemu hii ilitoka Oktoba 2024 kwa mashine kubwa kubwa, na mwaka 2025 ikaletwa kwenye Switch, ambako unaweza tena kurusha Kamehameha kwa kusukuma mikono yako mwenyewe. Nasema "tena" kwa sababu sisi tulishayafanya hayo sebuleni kwetu Sinza, Desemba 2008, kwenye Wii. Kaka yangu hakuweza. Halafu akaweza. Hiyo ndiyo stori.

Kwa ambao hawajawahi kuiona: Dragon Ball ni hadithi ya picha ambayo marehemu Akira Toriyama (alifariki Machi 2024) alianza kuichora mwaka 1984, na ndani yake ndimo lilimotoka pigo la Kamehameha. Unakutanisha viganja viwili ubavuni, kwa nyuma kidogo, unalivuta lile neno silabi kwa silabi, kisha unasukuma mikono mbele na mwali wa bluu unamfagia adui. Jina lenyewe ni la mfalme wa zamani wa Hawaii. Hakuna mtoto aliyeangalia zile CD za kukodi ambaye hakuwahi kulifanya uani, peke yake, baada ya kuhakikisha hakuna anayemwona. Mimi nililifanyia kuku wa bibi. Hawakushtuka.

Kaka yeye alikuwa wa kiwango kingine. Kwenye kibanda cha PlayStation mtaani kwetu alikuwa mfalme. Watu walilipa ili wafungwe naye tu. Mwanzoni mwa 2008 daladala alilopanda lilipinduka, kiwiko chake cha kushoto kikavunjika vibaya, na kilipopona hakikunyooka tena. Mkono ukabaki umekunjwa, kama mtu aliyebana daftari kwapani. Vidole vilikuwa vizima kabisa, pedi ya PS2 angeweza kuishika bila shida. Lakini kibandani hakurudi. Alisema gemu zimemchosha. Alikuwa na miaka 19, mimi 13, nikamwamini.

Desemba hiyo dada yetu akaja likizo kutoka Uingereza na mwanawe wa miaka minane, na kwenye begi la mtoto kulikuwa na Wii. (Mtoto huyu alikuwa akiniita mama mdogo ingawa nilimzidi miaka mitano tu, na cheo hicho nilikitumia vizuri sana wakati wa kugawa soda.) Plagi ilikuwa ya miguu mitatu ile ile yetu, umeme ule ule, tukachomeka tukaanza. Gemu yenyewe: Dragon Ball Z: Budokai Tenkaichi 3, kazi ya kampuni ya Spike ya Japani. Ilitoka kwa PS2 mwaka 2007, na ina toleo la Wii pia.

Nianze na sifa zake, maana zipo. Wapiganaji ni 161 ukihesabu na maumbo yote wanayobadilika, na mimi hadi leo sijapata gemu nyingine iliyonipa hisia ile ya kuingia dukani na kuambiwa chagua chochote. Unapaa, unamfukuza mtu angani, unamrusha akavunje mlima. Ukichagua uwanja wa usiku wenye mwezi mpevu, Saiyan mwenye mkia anageuka sokwe mkubwa kama ghorofa, jambo ambalo mtengenezaji mvivu angelisahau. Na wote hao wanaendeshwa kwa vitufe vile vile. Ukimjua mmoja umewajua wote. Wapo wanaosema huo ni udhaifu, kwamba ukivua nguo mpiganaji wa kumi na wa mia ni mtu mmoja, na siwezi kuwabishia sana. Hadithi yake nayo ni fupi kuliko ya toleo la pili lililotangulia. Kamera hupotea adui akijificha nyuma ya jengo. Basi, hayo ni ya kawaida.

Shughuli iko kwenye mikono.

Wii unaishika rimoti mkono wa kulia na kipande kingine, nunchuk, mkono wa kushoto, na viwili hivyo vimeunganishwa kwa waya. Kutembea ni kijiti cha kushoto, kupiga ngumi ni vitufe. Ila ukitaka Kamehameha, unashikilia vitufe, unavuta mikono nyuma, nguvu zinajaa, unasukuma mbele. Mara ya kwanza ilipotoka nilipiga kelele hadi mama akaja kuangalia kabati lake la vyombo. Hofu yake haikuwa ya bure: Desemba 2006, wiki chache tu baada ya Wii kuingia sokoni, Nintendo ililazimika kubadilishia watu kamba za mkononi takriban milioni 3.2 kwa sababu zilikuwa zikikatika na rimoti kuruka.

Sasa tatizo. Mara ya pili nilifanya vile vile na haikutoka. Mara ya tatu ikatoka nikiwa sijamaliza kuvuta. Ya nne hakuna kitu, Goku amesimama anapumua, anapigwa. Nilidhani rimoti mbovu. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa mashine ile inavyofanya kazi, na naomba mnivumilie aya moja.

Watu wengi wanadhani kile kipande chembamba kinachowekwa juu ya TV ndicho kinachokuona. Hakioni chochote. Ni taa tu za infraredi ambazo macho yetu hayazioni, makundi mawili, na kamera iko kwenye pua ya rimoti ikiziangalia. (Ndiyo maana mishumaa miwili inaweza kufanya kazi yake. Dar mishumaa haikosekani. Kasoro ni kwamba mshumaa unawashwa umeme ukiwa umekatika, na hapo Wii nayo imezima.) Ukivuta mikono hadi ubavuni, rimoti haiitazami tena TV, kamera imepofuka. Kinachobaki ni kijidude cha ndani kinachohisi mshtuko: umeongeza kasi kuelekea upande gani, kwa nguvu kiasi gani. Hakijui mkono uko wapi. Hakijui kama umenyooka au umekunja. Nintendo wenyewe walikuja kuongeza kifaa cha kupima mzunguko, Wii MotionPlus, mwaka 2009, lakini gemu yetu ilikuwa imeshatengenezwa na haikuwa na habari nacho.

Kwa hiyo Desemba ile mashine ilitukatalia sote. Tofauti ni kwamba iliponikatalia mimi, nililaumu mashine.

Kaka alikaa siku mbili akituangalia tu. Siku ya tatu mpwa wetu akamvuta shati, "Mjomba, zamu yako," na huwezi kumkatalia mtoto aliyesafiri kutoka mbali. Akasimama. Akamchagua Goku, mtoto akamchagua Vegeta. Kwa vitufe alikuwa yule yule wa kibandani, nilisahau kabisa habari ya kiwiko. Halafu nguvu zikajaa na akataka kumaliza kwa heshima. Akavuta mikono nyuma, akasukuma. Wa kulia ukaenda. Wa kushoto ukaishia katikati, waya ukakazika. Goku hakufanya kitu. Akarudia. Akarudia tena. Vegeta hakuwa na huruma.

Nilimwona akiiweka rimoti mezani taratibu mno, kama kikombe cha mgeni. Hakuna aliyesema neno. Dada alijifanya anatafuta simu. Mimi nilikuwa na jibu mdomoni, kwamba hata kwangu inakataa nusu ya mara zote, na sikulisema. Sijui kwa nini sikulisema. Nadhani niliona aibu kutaja mkono, na usingeweza kusema lile bila kutaja mkono.

Mtoto ndiye aliyesema, tena kwa sauti ya kawaida kabisa, macho kwenye TV.

"Mjomba, usisukume. Mimi nachezesha hivi tu."

Akakaa kwenye kochi, nunchuk akailaza mapajani, akaishtua rimoti kwa kiganja cha kulia, shtuko dogo la nyuma na mbele, kama mtu anayefukuza nzi. Kamehameha ikatoka, kubwa, kioo kizima bluu.

Kaka akaitazama ile rimoti kwa muda. "Kumbe haijui mkono wangu uko wapi?"

"Haijui kitu, mjomba."

Akakaa. Akalaza nunchuk mapajani, kidole gumba kwenye kijiti. Jioni ile alitufunga sote, hadi dada ambaye hakujua hata anamwendesha nani.

Hapo ndipo ninaposhindwa kuandika uchambuzi wa kawaida wa gemu hii, ule wa kupanga mazuri huku na mabaya kule. Ubovu wake mkubwa, kwamba inakuahidi mwili wako wote utahesabiwa na kumbe inahesabu mtikisiko wa kiganja, ndio mlango ambao kaka alipitia. Ingekuwa makini kama ilivyotangazwa, ingemfungia nje. Hata hivyo siwezi kuisifu kwa hilo, kwa kuwa hawakukusudia. Waliouza ile mashine walionyesha familia zenye furaha zimesimama sebuleni, na mikono yote katika picha zile inanyooka.

Walichokusudia, na hiki nawapa, ni kuruhusu pedi za zamani. Wii ya mwanzo ina matundu ya pedi za GameCube chini ya kifuniko cha ubavuni, na Tenkaichi 3 inazikubali. Dada alipoondoka Januari alituachia mashine, na miezi kadhaa baadaye akatuma pedi moja kwenye kifurushi cha nguo. Kwa pedi hakuna ishara, ni vitufe tu, na mwenye pedi anamshinda mwenye rimoti karibu kila siku, maana wakati wewe unavuta mikono nyuma yeye ameshabonyeza. Si haki hata kidogo. Rafiki zake wa kibandani walianza kuja nyumbani, mmoja mmoja, na kwao kaka alitumia pedi, akawafunga kama zamani. Alipocheza na mimi alichukua rimoti.

Sikuwahi kumuuliza sababu. Ila nilimsikia, chini chini, akilivuta lile neno silabi kwa silabi huku kiganja kikifukuza nzi.

Wii ile iko kwenye kabati la mama, imeacha kusoma diski. Kucheza mtandaoni, ambako hatukukufikia kamwe kwa modemu yetu, Nintendo walikufunga Mei 2014. Na sasa kuna hii ya Switch, yenye vishikio vya kisasa vinavyojua mkono umezunguka vipi. Jana nimemwandikia mpwa wangu, ambaye siku hizi ana ndevu na kazi na bado ananiita mama mdogo. Sikumuuliza habari za picha wala idadi ya wapiganaji. Nimemuuliza: ukishtua kiganja tu, inatoka?

Ameona ujumbe. Hajajibu. Kaka amenipigia mara mbili leo kuuliza kama amejibu.