Kanisa la Msonge na Ngoma za Watemi

Dada yangu mpendwa,

  

Katika barua yako ulinieleza jinsi wazee wa parokia yenu wanavyovutana juu ya kanisa la zamani, wengine wakitaka livunjwe, wengine lifanywe ukumbi wa harusi. Nilitaka kwanza nifike Bujora, kwenye parokia yenye Makumbusho ya Wasukuma, nione wao walifanyaje, ndipo nikujibu.

Njia ni rahisi. Kutoka Mwanza mjini unapanda daladala ya Kisesa, mnashika barabara ya Musoma, mnapita Nyakato na Igoma, na baada ya kilomita kama 20 umefika. Ukishuka, bodaboda inakupeleka hadi parokiani, kwenye kilima chenye yale mawe makubwa ya Usukumani.

Dada, kanisa lenyewe ni la mviringo, kama msonge! Lilijengwa mwaka 1958 na Padre David Clement, Mkanada wa Quebec, wa shirika la White Fathers. Wasukuma walimwita Fumbuka, na jina hilo likamkaa. Ndani hakuna mapambo ya Ulaya. Mafundi wamefuata alama za Kisukuma, zile alizozijua kila aliyewahi kufika kwa mtemi, yaani chifu wa Kisukuma. Kumbuka kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulianza mwaka 1962, na wakati huo Misa ilikuwa bado inasomwa kwa Kilatini. Padre huyu alikuwa ameshatangulia.

Sasa sikiliza lililonigusa zaidi. Mwaka 1963 serikali yetu ilifuta mamlaka ya machifu nchi nzima. Watemi wakawa raia kama sisi. Lakini vitu vya enzi, ngoma, viti, ngao na mikuki, vingekwenda wapi? Padre Clement na wazee wa Kisukuma walikuwa wameanza kukusanya kumbukumbu za kabila tangu miaka ya 1950. Mwaka 1968 Makumbusho ya Wasukuma yakafunguliwa rasmi hapo hapo kwenye uwanja wa parokia. Banda lake kuu limejengwa kwa umbo la kigoda cha mtemi, na ghorofani zimepangwa ngoma za kitemi. Si za kutazamwa tu. Bado hupigwa kwenye sikukuu za Kanisa na wageni wa serikali wanapofika.

Ukizunguka uwanja unakuta pia nyumba ya mhunzi, nyumba ya mganga, na boma la familia ya Kisukuma. Kuna pipa kubwa linalozunguka, linaloonyesha namna mbalimbali za kuhesabu moja hadi kumi. Kila rika lilikuwa na namna yake, ili wasio wa rika hilo wasielewe. Nilisimama hapo muda mrefu nikimfikiria bibi, ambaye angetueleza mengi kama tungemuuliza mapema.

Kila mwaka, karibu na sikukuu ya Ekaristi, mwezi Juni, hufanyika Bulabo, tamasha kubwa la ngoma. Vyama viwili vya jadi, Bagika na Bagalu, hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja kwenye duara lake, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi zaidi. Wapo wanaocheza bugobogobo na majembe mkononi, wapo wanaocheza na chatu. Yote hayo yanafanyika jirani na altare, na hakuna anayeona ajabu.

Sasa turudi kwenye ugomvi wenu. Ulipokuwa Bagamoyo uliniandikia kuhusu ile nyumba ya masista ya mwaka 1876, ambayo leo ni makumbusho ya misheni. Pale masista waliondoka, nyumba ikapewa kazi nyingine. Bujora haikungoja kanisa liwe tupu: Misa inaendelea, na kazi mpya zimeongezwa juu ya ile ya kwanza. Naamini limedumu kwa sababu tangu msingi wananchi walikiona kilicho chao ndani yake, hata wale wasiosali humo.

Kwa hiyo waambie wazee wasianze kwa kumwita fundi. Waanze kwa kuuliza kijijini: nani ana kitu cha thamani kisicho na pa kukaa? Pengine ni madaftari ya ubatizo, zana za wahunzi, picha za shule ya kwanza, au kwaya isiyo na mahali pa kufanyia mazoezi. Wakishapata jibu, watajua jengo lifanye nini, na wenye vitu hivyo ndio watakaolitunza. Wakitaka kuona kwa macho, waje Juni. Nitawapokea stendi mimi mwenyewe.

Msalimie shemeji na wapwa zangu wote.

Mdogo wako,
Mwanza