Tigrex, mdogo wangu na aljebra

Wadau, nimerudi chuo salama, na ndizi nilizobeba wenzangu wa chumba wameshazimaliza. Wiki tatu nilikuwa nyumbani Buganguzi, Muleba. Leo nina stori ya PSP.

PSP yangu ni ya mtumba, niliinunua kwa bumu la mwaka wa kwanza (msimwambie mama). Sony waliitoa Japani mwaka 2004 na wakaacha kuitengeneza 2014, kwa hiyo betri yake ni ya kubembeleza. Gemu ninayo moja tu, Monster Hunter Freedom Unite ya Capcom, iliyotoka Japani 2008. Wewe ni mwindaji, unatumwa porini kuangusha madude makubwa. Kwa kawaida unapewa dakika 50, na ukizimia mara tatu kazi imeharibika, unaanza upya.

Gemu nyingi za namna hii ukiua vijidudu unapanda levo na mwili unapata nguvu. Hii hapana. Unachopata ni magamba na mifupa, unampelekea mhunzi akutengenezee silaha. Yaliyobaki ni kumsoma mnyama.

Basi bwana, mdogo wangu, kidato cha pili, akakwama kwa Tigrex. Hilo dude linakukimbilia kama ng'ombe aliyekata kamba, tena kwenye milima ya theluji ambako usipokunywa kitu cha moto pumzi zinakuishia. Jioni ya kwanza akazimia mara tatu. Ya pili, tatu. Ya tatu, tatu. Siku ya nne akaniambia, "Kaka, nimeshalijua. Likikukosa linageuka linarudi. Usilikimbie mbele yake, pita ubavuni." Siku ya tano likaanguka. Waitu! Kelele zake zilimtoa mama jikoni.

Kesho yake tukakaa na aljebra, maana hesabu ndiyo inamtesa. Swali la kwanza akakosa. La pili akakosa. La tatu nikamfokea, "Hivi kichwani mwako mna nini?" Akafunga daftari, akaenda zake kibanjani bila neno.

Na mimi ndiye mwalimu mtarajiwa, niliyepata A ya saikolojia ya elimu.

Nilikaa barazani muda mrefu. Tigrex alimwangusha mara tisa na hakumwita mjinga hata mara moja. Lilibaki dude lilelile, mwendo uleule, likimsubiri arudi. Mimi nilishindwa kungoja swali la nne.

Usiku nikamwomba radhi. Nikamwambia tufanye maswali matatu kila jioni. Ukikosa yote tunafunga daftari, hakuna maneno, kesho tunarudia yaleyale. Siku mbili hakunijibu. Ya tatu akaja na daftari mwenyewe.

Sitawadanganya kwamba sasa anapata mia. Naondoka bado mabano yanamsumbua. Ila siku ya mwisho alisimama katikati ya swali akasema, "Hapa kaka, hapa ndipo huwa naanguka." Nikanyamaza, akafuta, akaanza tena.

PSP nimemwachia. Mwenye chaja ya ziada anitafute, yangu nayo imebaki Buganguzi. Na mtakaokwenda fildi mwaka huu, mkumbuke swali la nne.

Haya, ngoja nikimbie, kipindi cha saa nane hicho.