Utitiri Kwenye Mawaridi

Kaskazi inapokolea hapa Mombasa, mwezi wa Januari na Februari, majani ya mwaridi huanza kupauka. Wengi husema ni jua. Wengine, Mungu atusitiri, husema ni kijicho cha jirani. Mwaka huu nilipoyaona majani yangu yameingia madoa ya manjano, madogo kama yaliyodungwa kwa ncha ya sindano, nilifanya kama alivyokuwa akifanya marehemu mavyaa yangu, aliyeniachia madebe yale tisa ya roshani. Niliweka karatasi nyeupe chini ya jani, nikaligonga kwa kidole. Likaanguka vumbi. Nikangoja, vumbi likaanza kutembea.

Ni utitiri. Wa kuku tunaujua sote. Huu ni wa mimea. Kidudu kimoja ni kama nusu milimita tu, na wataalamu hawakihesabu miongoni mwa wadudu, kwa kuwa kina miguu minane. Ni jamaa ya kupe na buibui (yule wa ukutani, si vazi letu). Hukaa upande wa chini wa jani kikifyonza, na vikiwa vingi hufuma utando mwembamba baina ya jani na tawi. Joto na ukavu ndiyo neema yake. Katika joto letu la kaskazi yai huweza kufikia utu uzima kwa muda wa wiki moja hivi. Jike asiyepata dume naye hutaga, na mayai yake hutoa madume. Kwa hiyo mmoja tu aliyeletwa na upepo anatosha kuanzisha ukoo.

Jambo hili lingekuwa dogo lau si harusi. Binti ya wifi yangu alikuwa akiolewa baada ya siku 24, na tangu siku ya posa ilikwisha kukubaliwa kwamba mawaridi ya kikuba chake yatatoka katika madebe ya bibi yake. Wifi alipopata habari alinijia na chupa ya soda iliyojaa maji meupe kama tui. Haikuwa na maelezo yoyote. Muuzaji wa duka fulani alimmiminia kutoka katika mtungi mkubwa.

"Nyunyiza leo, wifi yangu. Kesho vyote vimekufa."

"Ni dawa gani?"

"Ya wadudu. Mimi nitajuaje jina lake?"

Nilimwambia kwamba maua yale yatalala kifuani mwa mwanawe na katika nywele zake. Kwamba mrehani ulio kando yake tunauchuma kila siku. Na kwamba sumu ndani ya chupa ya soda, katika nyumba yenye wajukuu wanne, siilazi hata usiku mmoja. Akanuna. Akasema napenda maneno ya vitabuni kuliko heshima ya harusi. Maneno hayo yaliniuma, lakini niliyameza, kwa kuwa nilijua hakuwa akilia mawaridi. Alikuwa akimlilia mamake.

Hata jina la dawa ile lingejulikana, nisingeitaka. Dawa nyingi za wadudu haziuui utitiri sawasawa, ila huwamaliza maadui wake, kama vile vidudu vya mgongo wa duara vinavyofanana na kobe. Adui akiondoka, utitiri hurudi kwa wingi kuliko mwanzo. Kule Naivasha, wenye mashamba makubwa ya mawaridi hutumia utitiri wa aina nyingine, unaokula wenzake, wakauachia juu ya mimea.

Mimi nilianza na maji. Ya mfereji hatuyapati kila siku mtaani kwetu, na ya kisima yana chumvi isiyofaa kwa mwaridi, basi nilinunua ya mkokoteni, na bei yake wenyewe mnaijua. Madebe mawili yaliyozidiwa niliyatenga. Matawi yenye utando niliyakata nikayafunga mfukoni papo hapo. Kila alfajiri, kabla jua halijapanda, niliinamisha tawi moja moja na kuyaosha majani kwa chini, maana anayenyunyiza juu tu huwaogesha wageni na kuwaacha wenyeji. Nilifuta na vumbi la ukutani, kwa kuwa utitiri hustawi penye vumbi.

Kila baada ya siku tatu, jioni, nilipiga maji ya sabuni, kijiko kimoja cha chai kwa lita, baada ya kuyajaribu juu ya jani moja na kungoja siku nzima. Sabuni huua kile inachokigusa ikiwa mbichi, na mayai husalimika. Ndiyo sababu ya kurudia. Mara mbili nilitumia maji ya majani ya mwarobaini yaliyolowekwa usiku kucha, nikayaacha siku kumi kabla ya harusi, kwani harufu yake haipatani na kikuba.

Miti miwili ilikufa. Saba iliyobaki ilitoa mawaridi 11, nayo hayakutosha. Wifi alinunua asumini na mkadi wa kujazia, lakini yale 11 aliyashona mwenyewe, hakumwachia mtu sindano.

Ile chupa aliirudisha dukani, sikuuliza waliambiana nini. Sasa ameniomba vipandikizi viwili, nami nimemwambia angoje mvua za masika. Kila Ijumaa huja, akapita moja kwa moja hadi roshani na kupindua majani kabla hajavua buibui lake.