Reli Iliyopita Chini ya Mkeka

Ndugu msomaji, huenda nawe umepata kurejea nyumbani jioni ukaikuta sebule imegeuka karakana. Yangu ilikuwa imejaa makopo ya samaki, viberiti vitupu, vifuniko vya soda, nyaya zilizopindwapindwa na vipande vya ndala vilivyokatwa mviringo mfano wa magurudumu. Kwa majuma matatu tulipita tukiruka kama watu wavukao tope. Jumamosi moja tulitarajia wageni, naye mama watoto alikuwa sokoni. Nikayakusanya yote katika kiroba, nikakirusha katika gari la taka lililokuwa likipita mtaani. Nikafagia, nikautandika mkeka upya, nikajiona nimefanya kazi ya maana.

Mwanangu, mwenye umri wa miaka 9, aliporudi kutoka mpirani hakulia. Alisimama mlangoni, akautazama mkeka, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini:

“Baba, na stesheni ya Babu umeitupa?”

Nilimjibu kwa ukali, kwa kuwa sikuwa na jibu. Baba yangu mzazi, ambaye anaishi nasi tangu mama alipofariki, alikuwa ameketi kitini pake karibu na dirisha. Hakutamka neno. Alijiinua taratibu, akaingia chumbani mwake, akafunga mlango. Wageni walikuja, wakala, wakaondoka, yeye hakutoka.

Wiki iliyofuata nilikuwa ofisini nikitayarisha makala ya ukurasa huu, juu ya michezo ya watoto katika siku za likizo. Katika kupekuapekua nikaangukia habari za vyama vya watu wazima ambao mchezo wao ni kutengeneza reli ndogo za mfano. Nilitabasamu kidogo, kama huenda wewe sasa unavyotabasamu. Watu hao hukutana jioni, baada ya kazi au masomo, wakajenga juu ya meza kubwa njia za reli, stesheni, madaraja, vilima na mitaa, na kila kitu hukipunguza kwa kipimo kimoja. Kipimo kinachopendwa zaidi duniani ni cha 1 kwa 87. Kwa kipimo hicho mtu mwenye kimo cha sentimita 174 huwa wa sentimita 2 tu. Reli yetu kongwe ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914, ina upana wa mita 1. Mezani ingekuwa na upana wa milimita 11 na nusu hivi. Lakini urefu ndio mashaka. Kutoka hapa hadi Kigoma ni kama kilomita 1,250, na ukizigawa kwa 87 bado zinabaki zaidi ya kilomita 14. Ukianza kuitandaza katikati ya jiji utaipita Ubungo, nawe bado hujafika mwisho. Ndiyo sababu wajenzi hao huizungusha na kuikunja njia, hata safari ndefu ikatosha ndani ya chumba.

Chama kilichonishika moyo zaidi ni cha wanafunzi wa chuo cha teknolojia cha MIT, mjini Cambridge katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Kinaitwa Tech Model Railroad Club, na kilianzishwa mwaka 1946. Makao yake yalikuwa katika jengo la mbao lililosimamishwa upesi mwaka 1943, wakati wa vita, kwa ajili ya utafiti wa rada. Lilikusudiwa kuwa la muda tu, nalo likadumu hadi mwaka 1998 lilipobomolewa, na chama kikalazimika kuhama na kujenga reli yake upya. Habari za siku zake za zamani amezieleza Steven Levy katika kitabu chake cha mwaka 1984 juu ya mafundi wa mwanzo wa kompyuta.

Anasema Levy kwamba wanachama walikuwa wa namna mbili. Wa kwanza walikuwa watu wa kisu na brashi ya rangi: walichonga mabehewa, wakapaka rangi, wakapanda miti midogo, na waliweza kubishana juu ya injini fulani kama sisi tunavyobishana juu ya Simba na Yanga. Kazi yao ndiyo aionayo mgeni anapoingia. Wa pili walikuwa kundi la ishara na umeme, na hao hukuwaona juu ya meza, kwani walikuwa wamejilaza chini yake. Huko chini kulikuwa na msitu wa nyaya, pamoja na mamia ya swichi za sumaku zilizotoka katika mitambo ya simu, ambazo chama kilizipata kama msaada. Aliyetaka kuiendesha treni yake alizungusha namba katika kidude kama cha simu ya mezani ya zamani, na swichi zile zikamkabidhi kipande chake cha njia, bila kuvuruga treni ya mwenziwe.

Hapo, ndugu msomaji, niliacha kutabasamu. Nilikumbuka kwamba siku ile nilipouinua mkeka ili kufagia, nilikuta nyuzi chini yake. Zilikuwa nne au tano, za kushonea, zimenyooshwa vizuri kutoka katikati ya sebule hadi kwenye mguu wa kiti cha Babu. Nilizing’oa kwa mkono mmoja, nikilalamika kwamba mtoto huyu atamkwaza mzee aanguke.

Jioni hiyo nilimpigia Babu hodi chumbani. Nilimwomba radhi, kisha nikamwuliza zile nyuzi zilikuwa za nini. Alinitazama kitambo, akasema, “Kaa kitako.”

Baba alifanya kazi ya reli miaka mingi, katika stesheni ndogo baina ya Dodoma na Tabora. Mimi nilikulia hapo. Lakini naona haya kukiri kwamba kazi yake niliijua kwa sare na filimbi tu. Usiku ule alinieleza, kwa kidole juu ya shuka, namna njia moja inavyobeba treni za kwenda na za kurudi, na namna zinavyopishana pale penye njia mbili, stesheni. Treni moja huingizwa pembeni isubiri. Hapana dereva aondokaye mpaka akabidhiwe kibali cha kumhakikishia kwamba njia iliyo mbele yake ni tupu. Anayekosea hapo, haandikiwi barua ya onyo. Huenda kuhesabu maiti. Alisema kwamba katika miaka yote ile hakupata kulala usingizi wa kushiba usiku wa zamu, na hata leo huamka saa tisa akitegea sikio mngurumo.

“Mjukuu wangu aliniuliza,” akasema. “Wewe hukupata kuniuliza.”

Kumbe yale makopo yalikuwa stesheni yenyewe, ikiwa na njia yake ya kupishana, tangi la maji na mwembe wa karatasi uliokuwa nyuma ya nyumba yetu, ambao mjukuu hakupata kuuona. Nyuzi zilivuta vijiti vilivyogeuza njia. Mtoto alisukuma treni, Babu akiwa kitini alivuta uzi, na treni haikuruhusiwa kupita mpaka mzee atoe kipande cha karatasi chenye saini yake. Walikuwa wakifanya hivyo kila alasiri, nami nikiwa kazini.

Nilirudi kwenye habari za chama kile kwa jicho jingine. Baadhi ya vijana waliokuwa chini ya meza walikuja kuvutiwa na kompyuta za chuo, mashine kubwa za kujaza chumba, wakazikesha kama walivyozikesha swichi. Mwaka 1962 Steve Russell na wenzake walikamilisha pale mchezo wa Spacewar, mmojawapo wa michezo ya kwanza ya kompyuta, na visanduku vya kuuchezea viliundwa na wanachama wawili kwa vipuri vilivyookotwa katika chumba cha reli. Hata lile neno la Kiingereza ambalo leo tunalifasiri “mdukuzi”, tukimaanisha mwizi wa akaunti za watu, katika chama kile lilikuwa sifa, la kumtaja mwenye kutengeneza jambo kwa ustadi na kwa furaha ya kulitengeneza. Sikuwasomea nyumbani habari hizo ili kumwambia mwanangu kwamba atakuwa mhandisi. Huenda atauza duka. Niliwasomea kwa sababu nilidhani zitamfurahisha.

Yeye alichoshika ni jambo moja tu. Katika chama kile mtu hakupewa ufunguo wa chumba mpaka atimize saa 40 za kazi katika kuijenga reli. Kijana mmoja, Peter Samson, alijiunga siku ya Ijumaa mwaka 1958, na Jumatatu alikuwa na ufunguo wake mfukoni.

“Na wewe Baba, saa 40,” akasema mwanangu. Babu akaafiki kwa kichwa.

Basi stesheni inajengwa upya. Makopo nimeomba kwa jirani mwenye kibanda cha chipsi, na mkeka umekunjwa umewekwa kando mpaka nyuzi zitakapokuwa tayari. Sina ruhusa ya kugusa uzi wala treni. Nanyoosha nyaya na kukata mataruma kwa vijiti vya mishikaki, nayo ni mengi kuliko nilivyodhani. Saa zangu zinaandikwa kwa penseli katika daftari la hesabu, na zimefika 11. Jumamosi iliyopita nilikaa nao saa mbili kamili, lakini nilipolifungua daftari nikakuta imeandikwa moja na nusu. Nilipolalamika, Babu alinijibu kwamba nusu saa nzima nilikuwa nikizungumza na simu.