Usiudharau Mche Mdogo

Mdharau mwiba mguu huota tende. Methali hii nilifundishwa nilipokuwa kijana katika shule ya misheni, nikaiandika daftarini kwa mwandiko mzuri na kupewa alama zote. Walakini maana yake sikuifahamu mpaka nilipokuwa mtu mzima mwenye mke na watoto watatu, na aliyenifahamisha hakuwa mwalimu, bali ni miche michache niliyoitupa nyuma ya jiko. Nawasimulia wasomaji habari hii kwa sababu huenda yuko mwingine aliye karibu kukosa kama nilivyokosa mimi.

Mimi ni karani wa serikali. Mwaka 2017 nilihamishwa kutoka Mombasa kwenda Nyeri. Kule Mombasa jirani yetu alikuwa amepanda chini ya mwembe wake mimea ya koliasi, nami kila jioni nilipotoka kazini nilisimama kuitazama. Mmea huo hausifiwi kwa maua yake, maana maua yake ni madogo ya samawati yasiyo na fahari. Sifa yake ni majani. Jani lake ni kama kanga: lina mji wake katikati, labda mwekundu au wa waridi, na lina pindo lake pembeni, la kijani au la manjano, lenye meno kama msumeno. Nilipofika Nyeri nikaona uwanja mtupu mbele ya nyumba, niliikumbuka mimea ile, nikanunua pakiti ya mbegu mjini Nairobi.

Mke wangu alicheka. Akasema, “Bwana, sukuma wiki imekosa mahali pa kuota, nawe wataka kupanda majani yasiyoingia chunguni?” Sikuwa na jibu, nikanyamaza.

Kabla sijaendelea, yafaa nieleze kidogo asili ya mmea huu. Nchi yake ya kwanza ni upande wa kusini-mashariki ya Asia, katika visiwa kama Java, hata kufika kaskazini mwa Australia. Mtaalamu Linnaeus wa Sweden aliuandika katika kitabu chake mwaka 1763, akauhesabu kuwa aina ya mrehani. Na hakukosea sana, kwa kuwa ukoo wao ni mmoja. Ukitaka kuamini, shika shina la mrehani na shina la koliasi kwa vidole: yote mawili yana pembe nne. Katika miaka ya 1860 Waingereza waliupenda mno, hata aina mpya zikauzwa kwa mnada London kwa bei kubwa. Wala sisi si wageni wa ukoo huu. Muigoya, ambao Wakikuyu waliupanda kuwa ua wa mashamba na kuvundika ndizi kwa majani yake laini, ni ndugu wa karibu wa koliasi. Kwa hiyo nilipofikiri kwamba naleta mgeni Nyeri, kumbe jamaa zake walikuwa wamekwisha kuwako zamani.

Basi nilipanda. Nilijaza udongo katika sanduku la mbao, nikachimba mifereji kama ya maharagwe, nikamwaga mbegu na kuzifukia vizuri. Nikangoja wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Hapana hata jani moja. Nikasema moyoni kwamba mwenye duka ameniibia.

Mwizi nilikuwa ni mimi mwenyewe. Mbegu ya koliasi ni ndogo kama vumbi la ugoro; gramu moja yaweza kuwa na mbegu zaidi ya 3,000. Mbegu kama hiyo haina akiba ya chakula cha kuiwezesha kupanda kutoka chini ya ardhi, tena yataka mwanga ili iamke. Ukiifukia, umeizika. Yataka kunyunyizwa juu ya udongo laini wenye unyevu, kisha ikandamizwe kidogo kwa kiganja tu. Yataka pia joto, kadiri ya nyuzi 21 hadi 24 za Selsiasi, na mimi nilikuwa nimepanda mwezi wa Julai, wakati ambapo baridi ya Nyeri humfanya hata mtu mzima akumbatie jiko.

Nilizipanda mara ya pili kwa namna iliyo sawa. Udongo niliuchanganya na mchanga na mbolea ya majani iliyooza, nikaumwagia maji yanayochemka ili kuua vidudu vya kuozesha, nikauacha upoe. Sanduku nililifunika kwa kioo, nikaliweka dirishani jikoni, mahali penye joto na mwanga lakini jua kali halifiki. Siku ya 12 niliona vidoadoa vya kijani. Hapo furaha ikanizidi, nikawa nanyunyiza maji asubuhi na jioni. Baada ya siku chache miche mingi ikaoza shingoni na kulala chini. Ndipo nilipojifunza kuondoa kioo ili hewa ipite, na kulitia sanduku katika sinia la maji ili udongo unywe kutoka chini, kisha kulitoa. Miche 31 ikapona.

Hapa ndipo lilipotokea lile kosa lililonifanya niandike habari hii.

Ilipopata majani manne, ilinipasa kuihamisha katika mikebe, nami nilikuwa na mikebe 20 tu. Nikaketi barazani kama mtu anayekagua mafaili. Miche mirefu, minene, yenye kijani kizuri, nikaiweka kuume. Ile mifupi, iliyochelewa, yenye majani kama ya mgonjwa, nikaiweka kushoto. Ile 20 ya kuume nikaipanda. Ile 11 ya kushoto nikaitupa nyuma ya jiko penye majivu na maganda ya viazi.

Sasa lazima niseme jambo linalonitia haya. Wakati uo huo nilikuwa na shauri jingine la kukata. Binti yangu wa pili alikuwa mzito wa masomo. Mwanangu wa kwanza alikuwa akileta ripoti nzuri kila muhula, lakini binti huyu alisoma polepole, akahesabu kwa vidole, na alipoulizwa neno mbele ya watu alitazama chini. Nami niliona mshahara wa karani hautoshi kila kitu. Nikaazimu kumpeleka kijijini akakae na mama yangu, asome huko katika shule iliyo karibu, amsaidie bibi kuteka maji, ili fedha yangu nimtilie nguvu yule wa kwanza. Nilikuwa nimekwisha kumwandikia mwalimu mkuu barua ya kuomba uhamisho. Ilikuwa mezani ndani ya bahasha. Mke wangu hakupendezwa, lakini nilimwambia kwamba mkulima mwenye akili humwagilia mche unaoonyesha nguvu.

Majuma sita yakapita. Miche yangu 20 ikakua vizuri mno, lakini kila nilipoitazama nilikosa furaha. Mingi ilikuwa ya kijani tu, na iliyobaki ilikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya damu ya mzee katikati ya jani. Zile kanga nilizoziona Mombasa hazikuwako.

Jumamosi moja nilikwenda nyuma ya jiko kutafuta panga. Nyuma ya pipa la maji, kivulini, niliona mikebe ya samaki na kopo la siagi vimepangwa mstari mmoja, na ndani yake mimea midogo minane. Mmoja ulikuwa mwekundu kama kaa la moto wenye pindo la manjano. Mwingine ulikuwa wa waridi wenye madoa. Mwingine ulikuwa mweusi-mwekundu kama zambarau iliyoiva. Nikasimama pale nisijue la kusema.

Binti yangu alitoka jikoni, akaogopa kwa kuwa alifikiri nitamgombeza. Nikamwuliza, “Mwanangu, hii umeipata wapi?”

Akajibu, “Ni ile uliyoitupa, Baba. Niliokota yote 11, mitatu ikafa. Niliona majani yake yana rangi kidogo chini, nikaona haifai kutupwa.”

Nikamwuliza ni nani aliyemfundisha kuitunza. Akasema hakufundishwa na mtu. Aliniangalia mimi nilipokuwa nikifanya kazi, na kila siku aliigusa udongo wake kwa kidole aone kama una kiu.

Baadaye nilisoma na kujua sababu. Ile rangi ya kijani ndiyo jiko la mmea, ndiyo inayopika chakula kwa mwanga wa jua. Mche wenye kijani kingi hupika kingi na kukua upesi. Ule ambao majani yake yana nafasi kubwa ya waridi au manjano una jiko dogo, kwa hiyo hukawia. Watunzaji wenye maarifa huonya kwamba katika koliasi ya mbegu, miche midogo mara nyingi ndiyo yenye rangi bora, nao hawaondoi hata mmoja mpaka rangi zijionyeshe. Mimi niliichagua kwa kipimo cha urefu, na kumbe nilichokuwa nikitafuta hakipimwi kwa urefu.

Usiku ule nilimweleza mke wangu, naye hakucheka. Alisema tu, “Na ile barua?” Nikaichukua mezani, nikaitia jikoni, tukaitazama mpaka ikawa majivu.

Sitaki kumdanganya msomaji. Mtoto si mmea, na kati ya ile minane mmoja ulikuwa wa kijani tupu kama ndugu zake wakubwa. Wala binti yangu hakuwa wa kwanza darasani kwa muujiza. Mpaka leo ni wa katikati, na fedha bado hazitoshi. Yule wa kwanza ilibidi asome shule ya kutwa badala ya bweni, naye hakunung’unika. Lakini tangu siku ile niliketi na binti yangu kila jioni nusu saa kwa hesabu, na nikaona kwamba hakuwa mzito. Alikuwa mtu wa kutazama kwanza kabla ya kusema. Tabia hiyo katika afisi yetu ingekuwa hazina kubwa.

Kwa wale watakaopenda kupanda, naongeza maneno machache. Mmea ukifika kadiri ya shibiri moja, kata ncha yake ili utoe matawi. Kata na vishada vya maua, maana ukiuacha uzae, nguvu ya majani hupungua. Ukipata rangi unayoipenda usitegemee mbegu zake, kwa kuwa watoto hawatafanana na mama. Kata kitawi, kitie katika maji, nacho kitaota mizizi na kuwa sawasawa na mama yake kama nakala ya barua. Lakini mbegu ni barua mpya kila moja, nawe huwezi kujua lililoandikwa kabla ya kuifungua.

Mbele ya nyumba yetu sasa ipo mimea iliyotokana na vitawi vya ile minane. Wageni wakija husifu mikono yangu. Nami huwaambia kwamba sifa si zangu, kisha humwita binti yangu aje awaeleze.